Batchoy Alipocheka

Perlita hakuwahi kushindwa kumchekesha mtu. Sikukuu ya mtakatifu wa mji ikifika, na jukwaa likisimamishwa kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, ni yeye aliyeitwa kuongoza mashindano ya urembo ya mabakla, wanaume wanaojipamba na kuishi kike, na Iloilo nzima, hapa kwetu Ufilipino, haikuwa na mwingine wa kushindana naye kwa mdomo. Watu walicheka hadi mbavu zikawauma. Libaba zima, lile linalomchapa mwanawe nyumbani kwa sababu anatembea kwa madaha, ndilo lililowahi kiti cha mbele na kupiga makofi kuliko wote. Perlita alilijua hilo vizuri, na ndilo lililomlisha. Mtu akishaanza kukucheka, alikuwa akiwaambia warembo wake, anasahau kukupiga.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Perfecto, na wa mwisho kulitumia alikuwa padri. Umri ulikuwa umeshavuka hamsini ukaelekea kwingine ambako hakupenda kuulizwa. Watu wa rika lake mtaani hawakuweza kuvuka barabara bila watoto kuwaomba baraka: mtoto huuchukua mkono wa mkubwa, anauweka kwenye paji lake la uso, na mkubwa humjibu, Mungu akubariki. Perlita watoto walimkumbatia, walimvuta sketi, walimwomba aige sauti ya meya. Mkono wake hakuna aliyeuomba. Hakulalamika. Mkono wa baraka ni wa watu wazima, na yeye machoni pa mtaa alikuwa kichekesho, na kichekesho hakizeeki.

Jumamosi hiyo mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, naye alikuwa ameketi mbele ya kompyuta kwenye chumba kidogo juu ya duka la kutoa fotokopi. Hapo palikuwa na huduma ya msaada ambayo vijana waliokataliwa kwao kwa sababu ya wanaowapenda, au kwa jinsi walivyo, waliiandikia wanapozidiwa. Waliandika tu, hawakupiga simu, kwa sababu nyumba za kwetu kuta zake ni nyembamba na masikio ni mengi. Kila aliyejibu alikuwa mtu wa kujitolea, amefunzwa, na amekatazwa kutaja jina lake. Perlita alijiunga baada ya kumzika Dodong, mrembo wake mwenye taji, aliyekuwa na kicheko kikubwa kuliko warembo wenzake wote, na aliyejiua wiki ileile walipocheka pamoja jukwaani.

Msimamizi wa zamu aliitwa Hyacinth, mwanasaikolojia ambaye Perlita angeweza kumzaa, mwembamba, mpole, asiyecheka ovyo. Perlita alikuwa akimwita Madam kwa kumtania, na Hyacinth alikuwa akiitika bila kujali utani.

Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maneno.

"Kuna mtu hapo au ni mashine?"

"Kuna mtu, na ana njaa," Perlita akaandika. "Nikuite nani?"

"Niite Batchoy."

"Ee Mungu! Umezidi kunitia njaa." Batchoy ni supu ya tambi na maini, na hakuna mtu wa Iloilo asiyeweza kuuza shuka lake kwa bakuli moja siku ya mvua.

"Hahaha. Samahani."

Batchoy alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Alicheza mpira wa wavu shuleni, na alimpenda mwenzake wa timu, aitwaye Rhea. Batchoy alikuwa amekata nywele zikawa fupi kama za mdogo wake wa kiume. Shangazi aliwaona wameshikana mikono nyuma ya kituo cha mabasi, na shangazi huyo hakuwa na breki mdomoni. Habari zikavuka bahari zikamkuta baba kazini kwenye meli ya mizigo.

"Na baba anarudi leo," Batchoy akaandika. "Miezi kumi hatujamwona. Anaporudi huwa tunajipanga getini kumpokea, mkubwa mbele, wadogo nyuma, kila mtu anaomba mkono wake. Mimi ndiye mkubwa. Amemwambia mama nisithubutu, hatanipa. Atanipita mbele ya shangazi zangu wote na majirani watakaokuja kuvizia chokoleti hahaha."

Kama ilivyo desturi ya Perlita, jambo likimuuma, ulimi unakimbia mbele.

"Basi jifiche nyuma ya jirani mnene kuliko wote. Baba akikufikia atakuwa amechoka, atautoa mkono bila kuangalia ni nani."

"Hahaha. Lakini usijali, sitakuwepo hapo."

"Utakuwa wapi, umekwenda kununua supu?"

"Hahahaha. Hii shida itaisha leo tu. Chokoleti zangu watakula wadogo zangu."

"Weee! Usigawe mali yako. Chokoleti ya baharia huliwa kwanza, huzuni hufuata baadaye."

"Hahaha. Unachekesha kama yule Perlita wa sikukuu. Baba anampenda huyo! Anacheka mpaka analia."

Perlita akakumbuka alivyokatazwa kutaja jina. Kanuni ni kanuni. Akaandika, "Simfahamu, ila nasikia ni mzuri wa sura ajabu."

"Hahaha. Asante. Nimefurahi leo kuna mtu amenichekesha. Kwaheri."

"Kwaheri, mpenzi. Rudi wakati wowote."

Mazungumzo yakafungwa. Kwenye sehemu ya muhtasari Perlita akaandika kwamba mtoto amecheka, ametulia, ameaga vizuri. Kisha akafungua chakula chake, wali na samaki mkavu wa kukaanga, akiwa amejiridhia kama mpishi aliyeona sahani zimerudi tupu.

Hakuwa ametafuna vizuri Hyacinth alipomwita kutoka kwenye meza yake.

"Dada Perlita, hebu njoo usome haya."

"Nisome nini, Madam? Si mimi niliyeyaandika?"

"Soma ya kwake tu. Ya kwako yaruke. Na kila penye hahaha, paruke pia."

Perlita akainama, mkono mmoja ukiwa bado na kijiko. Akasoma. Sitakuwepo hapo. Hii shida itaisha leo tu. Chokoleti zangu watakula wadogo zangu. Nimefurahi leo kuna mtu amenichekesha. Kwaheri.

Kijiko kikamwanguka.

"Ulimuuliza?" Hyacinth akasema.

"Kumuuliza nini?"

"Unajua nini."

Alijua. Walifundishwa siku ya kwanza kabisa, wakafanyishwa mazoezi wawili wawili: ukiona dalili, uliza kwa neno lenyewe, bila kulifunika blanketi. Utafiti umeonyesha, Hyacinth aliwaambia, kwamba kuuliza hakumpi mtu wazo, kunampa mlango. Lakini kwetu neno hilo halitamkwi. Ukilitamka umelikaribisha ndani, ukalipa kiti. Kwa hiyo tunalizunguka, tunauliza kama umekula, tunatupa mzaha, na mwenzetu akicheka tunashukuru Mungu na kwenda zetu. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na walikuwa na maana yao.

"Alikuwa anacheka, Madam. Umeona mwenyewe. Anacheka kila mstari."

"Alicheka ili wewe usiumie," Hyacinth akasema, bila ukali wowote, na hilo liliuma zaidi. "Umekuwa ukichekesha, naye akakuhurumia."

Perlita akaketi. Dodong alimjia vilevile alivyokuwa, na wigi lake la dhahabu, amefungua mdomo mzima, anacheka. Usiku ule nyuma ya jukwaa alisema, "Mamang, mama yangu, mwakani taji langu mpe mwingine, mimi nimechoka na dunia hii, ha!" Na Perlita alimjibu kwamba dunia ndiyo iliyochoka na rangi ya midomo yake. Wakacheka hadi wakashikana.

"Nimemuua," akasema. "Nimemuua huyu naye."

"Bado. Dada, nitazame. Bado."

Mfumo wao haukuonyesha namba ya mtu wala anapoishi; vijana wasingeuamini vinginevyo. Ulichoruhusu ni ujumbe mmoja wa kumfuata aliyeondoka. Mmoja tu, usije ukamfichua mtoto anayetumia simu ya mwingine.

"Uandike wewe," Perlita akasema. "Umeyasomea haya. Mimi nimeshavuruga."

"Mimi hanijui. Wewe ndiye aliyekuaga."

Akaanza. Mara ya kwanza akajikuta ameandika kitu kuhusu supu inayopoa, akakifuta kwa hasira. Akaandika tena, kukawa na mzaha mwingine umejificha mwishoni, mdogo kama kunguni. Akaufuta nao. Hakuwa amejua ni kiasi gani mikono yake ilikuwa imezoea kukimbia. Mwishowe akaandika hivi:

"Batchoy, ni mimi wa muda ule. Nilikuchekesha badala ya kukusikiliza. Nisamehe. Sasa nakuuliza bila mzaha. Unafikiria kujiua leo? Jibu lolote utakalonipa, siondoki."

Akautuma. Mvua ikaendelea kupiga bati. Chini dukani mashine za fotokopi zilikuwa zinatema karatasi za wanafunzi. Paka wa jengo akaingia, akachukua samaki mkavu kwenye sahani ya Perlita, na hakuna aliyemfukuza.

Kisha kioo kikaonyesha kwamba kuna mtu anaandika. Kikaacha. Kikaonyesha tena.

"Hahaha," kikasema.

Perlita akageuka kumtazama Hyacinth. Hyacinth akamwekea mkono begani.

"Sicheki, mwanangu," Perlita akaandika. "Na wewe si lazima ucheke kwa ajili yangu."

Halafu likaja neno moja.

"Ndiyo."

Na chini yake, "Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza."

Machozi yalimtoka Perlita hadi wanja ukashuka, na alikuwa mtu wa kuheshimu wanja wake. Lakini sasa alikuwa anajua la kufanya, na alikuwa amefunzwa, na kichwa chake kilikuwa kimetulia kabisa.

"Asante kwa kuniambia. Uko wapi sasa hivi? Uko peke yako?"

"Niko chumbani. Wote wameenda uwanja wa ndege na gari la kukodi. Nimewaambia tumbo linaniuma. Bibi yupo jikoni, miguu haimruhusu kusafiri."

"Ulichofikiria kukitumia, kiko karibu nawe?"

"Kiko humu."

"Toka humo. Kiache hapohapo, toka wewe. Chukua simu, nenda jikoni kwa bibi."

"Nitamwambia nini?"

"Si lazima umwambie kitu. Kaa alipo yeye. Ukifika niandikie."

Perlita alikuwa ameushika ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye gari lililokosa dereva.

"Nimefika," Batchoy akaandika. "Anamenya mbaazi. Anapika mbaazi na nyama ya nguruwe na fenesi, baba anakipenda chakula hicho."

"Msaidie."

"Nitamenyaje huku naandika?"

"Mkono mmoja simu, mwingine mbaazi. Ninyi vijana mnaandika hata mkiwa mmelala." Huo ulikuwa mzaha, ndiyo, lakini Hyacinth aliutikisia kichwa kuukubali. Kuna mzaha wa kukimbia na kuna mzaha wa kukaa.

Wakamenya, bibi na mjukuu huko, na wengine wakiwasubiri huku. Perlita akamuuliza kuhusu Rhea, akaambiwa kwamba ana kovu kwenye nyusi na hupiga mpira kwa mkono wa kushoto. Akamuuliza tangu lini ameanza kuchoka, akaambiwa, na safari hii alisoma kila neno. Kisha Batchoy akapotea kidogo, na aliporudi aliandika, "Nimemwambia."

"Umemwambia nini bibi?"

"Yote. Rhea, na baba, na lile neno ulilolitaja."

"Amesemaje?"

"Hajasema. Ameinuka kwa fimbo yake, ameenda akafunga chumba changu kwa ufunguo, ufunguo akautia ndani ya sidiria. Amerudi ameketi. Amesema mbaazi hazijimenyi."

Perlita akampenda bibi huyo papo hapo, kwa moyo wote, bila kumwona.

Zamu yake ikaisha. Mwenzake wa kumpokea akapanda ngazi, amelowa, na Hyacinth akampa kompyuta nyingine bila maelezo. Perlita hata hakuinua kichwa.

"Gari limefika," Batchoy akaandika. "Wanapiga honi. Naogopa."

"Nipo."

"Bibi amenishika mkono. Amesema mimi na yeye tunasimama mlangoni."

"Simama naye. Simu itie mfukoni. Ukirudi utanikuta hapahapa."

Kioo kikanyamaza. Perlita aliona kila kitu akilini, maana angeweza kuyatazama mapokezi ya mabaharia wa Iloilo hata akiwa amefumba macho: makasha yaliyofungwa kwa kamba, mashangazi waliojipaka poda, majirani wanaojifanya wanapita tu, mtu mmoja aliyeungua kwa jua akishuka garini na kofia ya kampuni. Na mkono wake. Alimchukia mtu yule. Akakumbuka kwamba huenda ni mmojawapo wa waliokaa mstari wa mbele, wakalia kwa kicheko, wakampigia makofi, naye akainama kuwashukuru. Akajichukia na yeye mwenyewe kidogo, kisha akaacha, kwa sababu hapakuwa na muda.

Maneno yakaja yote kwa mkupuo.

"Alianza na wadogo zangu kule getini. Wote aliwapa. Akaja mlangoni, akanipita kama mimi ni nguzo ya nyumba. Akainama kuomba mkono wa bibi. Bibi akaificha mikono yake yote miwili nyuma."

"Nyuma?"

"Nyuma! Fimbo ikaanguka. Akamwambia, Umeruka mtu. Baba akasema, Mama, nimetoka mbali, nimechoka, tusianze. Bibi akasema, Basi rudi huko mbali. Shangazi wote kimya, hata yule asiye na breki. Mama analia. Baba ameinama vilevile, mkono umenyooka, hana wa kumpa."

"Halafu?"

"Akageuka akanipa. Hakunitazama. Mkono ulikuwa wa baridi. Niliuweka kwenye paji. Hakusema Mungu akubariki. Ndipo bibi akampa wake, na akaingia kuoga. Sasa anakula mbaazi."

Hyacinth, aliyekuwa anasomea nyuma ya bega, akavuta kiti akaketi.

"Na wewe unajisikiaje?" Perlita akaandika.

"Sijui. Nilidhani nikiupata mkono wake nitakuwa mzima. Si mzima. Ila lile la mchana limepungua."

"Likirudi usiku?"

"Nitalala kwa bibi. Amesema anakoroma, nisije nikalalamika. Na nikikuhitaji nitaandika."

"Jumatatu kuna dada yetu mmoja, daktari wa mambo ya moyo uliochoka, anataka kuzungumza nawe. Bibi akipenda naye akae hapo. Utakubali?"

"Nitakubali. Bibi atapenda, anapenda kila mahali penye maneno."

Perlita akacheka, kicheko halali, akajifuta mashavu kwa kiganja. Alidhani wamemaliza. Lakini kioo kikaonyesha kwamba mtoto bado anaandika, anaacha, anaandika tena.

"Sijui wewe ni dada au kaka," likaja. "Wala jina lako sijui. Lakini najua ni mtu mzima, naona unavyoongea. Baba alinipa mkono mtupu. Naomba wako."

Perlita akautazama mstari huo. Mdomo ulifunguka, kwa mazoea tu, ukasubiri neno la kuchekesha, na halikuja. Akautazama mkono wake mezani: kucha za rangi ya waridi, mojawapo imebanduka, mishipa ya mtu mzima ambayo hakuwahi kuitazama vizuri. Miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyeuomba.

Akageuka kuuliza kama kanuni inaruhusu. Hyacinth alikuwa ameenda dirishani, amempa mgongo, anaitazama mvua kwa bidii kubwa mno.

Basi Perlita akauinua mkono wa kulia, akauweka juu ya kioo, pale lilipo jina la Batchoy, akauacha hapo kidogo. Kioo kilikuwa na joto. Na kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, akaandika:

"Mungu akubariki, mwanangu."

"Amina," Batchoy akajibu. Hakuweka hahaha.